Ukibadilisha Kioo cha Gari, Acha Gari Ilale



Leo sina vichekesho. Juzi nilipanda Noah hapa Lodwar nikienda Kakuma kurekodi video. Nilikaa kiti cha nyuma kabisa, katikati. Kushoto kwangu kulikuwa na mama na mtoto wake wa kama miaka minne. Mtoto alikuwa dirishani, na si mnajua watoto na safari. Tulipoacha mji tu akalala, kichwa kikiegemea kioo.

Tulipita njia panda ya Lokitaung nikaanza kusikia mluzi wa upepo. Nikadhani ni mlango haujafungwa vizuri. Muda kidogo dere akapiga tuta moja kwa kishindo na kioo chote kikatoka. Hakikupasuka, kilitoka kizima kizima, kikaanguka barabarani huko nyuma ndiyo kikawa vipande. Mama alimdaka mtoto kwa shuka, bega moja tayari likiwa nje.

Mtoto ni mzima. Lakini dere aliposimama alisema neno ambalo halijanitoka kichwani: "Aah, na hii kioo niliweka jana tu!"

Jana saa sita mchana kiliwekwa, saa nane gari ikawa steji inajaza abiria.

Sasa wengi wataruka kumtukana fundi. Mimi pia nilitaka. Lakini nilivyorudi Lodwar nilienda kwa mafundi watatu, na mmoja wa Kakuma nilimpigia simu, nikauliza maswali hadi wakanichoka. Nimetoka huko nikiamini kosa kubwa liko kwetu sisi wenye magari, madere na abiria, kwa sababu hakuna anayekubali kulipia muda wa gundi kukauka.

Wacha nieleze.

Vioo vya pembeni viko vya aina tatu. Kuna cha mlango kinachopanda na kushuka. Kuna kile kinachoshikwa na raba, utakiona kwa Land Cruiser za zamani na malori. Halafu kuna kile kisichofunguka, kama cha kiti cha nyuma cha Noah au cha buti ya Probox. Hicho mara nyingi hakina skrubu wala raba ya kukishika. Kinashikwa na gundi peke yake. Gundi ikikosea, hakuna kitu kingine kinachomzuia mtoto wako asitoke nje.

Na gundi yenyewe si ile silikoni ya sinki. Ile nyingi ukiipaka inanuka siki, na ile asidi inayonuka hivyo inakula bati na kuleta kutu. Haikutengenezewa kubeba kioo kwenye gari inayotetemeka. Mbaya zaidi, ikishapakwa mahali inaacha mafuta yake, na gundi ya kweli ikija baadaye haishiki vizuri. Kwa hivyo fundi wa leo akitumia silikoni, amemharibia kazi fundi wa kesho.

Gundi ya kweli ni ile nyeusi, nzito, inaitwa poliyurethani. Na hapa ndipo nilishangaa. Hiyo gundi haikaushwi na jua. Ya kawaida inakauka kwa kunyonya unyevu ulio hewani! Mombasa kuna joto na hewa ina maji, inakauka haraka. Hapa kwetu mchana unafika nyuzi 35 na hewa ni kavu kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa. Tunaona gari iko juani tunasema "hiyo imeshakauka." Juu imekauka, ndani bado ni ugali mbichi. Kwa hali ya kawaida gundi hiyo hukauka kama milimita 3 au 4 kwa siku nzima. Kwetu usitegemee hata hiyo.

Fundi wa Kakuma, kijana mkimbizi ambaye kazi hii aliijua kabla hajafika kambini, alinielezea inavyotakiwa, nami nawapa bila kuficha.

Kwanza plastiki za ndani zinatolewa pole pole, kwa sababu jua letu limeshazifanya kama biskuti. Rangi ya gari inazungushiwa tepu isikwaruzwe. Halafu waya mwembamba unatobolewa kupitia gundi ya zamani, mtu mmoja ndani, mwingine nje, wanavuta kama msumeno. Glavu na miwani ni lazima. Kioo cha pembeni kwa kawaida si kama cha mbele. Cha mbele kikipasuka kinabaki kimeshikana, hiki ukikigonga pembeni kidogo tu kinalipuka chote vipande vidogo vidogo.

Gundi ya zamani haikwanguliwi hadi bati. Kama bado ni nzima unaacha tabaka jembamba, milimita 1 au 2, kwa sababu gundi mpya inashika vizuri sana juu yake. Ukikwaruza hadi bati likaonekana, unapaka praima hapo, la sivyo kutu itaingia chini na kioo kitaachia siku moja. Unasafisha vumbi lote (na vumbi letu mnalijua!), na baada ya hapo hakuna kugusa kwa vidole.

Kitu kingine: ule ukingo mweusi unaozunguka kioo si urembo. Unakinga gundi isichomwe na jua. Ukikatiwa kioo cheupe cha kawaida kisicho na ukingo huo, na fundi hakupaka praima nyeusi, jua la Turkana litaila gundi kutoka nje.

Kazi ifanywe asubuhi au jioni, kivulini, bati likiwa limepoa. Kioo kikishaingia kinashikwa na tepu na gari inalala. Inalala muda gani? Soma kwa bomba la gundi, mtengenezaji ameandika, halafu ongeza kwa sababu ya ukavu wetu. Na ukisubiri, acha dirisha moja wazi kidogo. Ukifunga mlango kwa nguvu madirisha yote yakiwa yamefungwa, hewa ya ndani inasukuma kile kioo kipya kutoka.

Hayo yote mafundi wetu wengi wanayajua. Niliwauliza, mbona basi hamfanyi? Mmoja, mzee wa makamo, akanicheka. Akasema, "Mimi namwambia mteja, mkubwa, hii gari inataka ilale. Ananijibu, fundi, ilale wapi na abiria wako steji? Nikikataa anaenda kwa jirani, anawekewa silikoni kwa saa moja. Sasa watoto wangu wale nini?"

Hapo sikuwa na jibu.

Najua mtanijibu kwa uchungu pia. Gari moja inalisha nyumba tatu. Mkopo haulali. Gundi nzuri inatoka Kitale au Eldoret na ni ghali. Ni kweli kabisa. Lakini hesabu hivi: gari ikilala unapoteza nauli za siku moja. Yule mama angepoteza nini?

Kwa hivyo naomba mambo matatu tu. Sako zetu zinunue gundi kwa pamoja, ziiweke mahali penye ubaridi na ziangalie tarehe, kwa sababu bomba likikaa kwa duka la mabati linaharibika kabla hata halijafunguliwa. Pili, wenye gari mkubaliane kwamba gari ya mwanachama ikilala kwa sababu ya kioo, zamu yake steji haipotei. Tatu, vyuo vyetu, Don Bosco pale Kakuma na vya hapa Lodwar, viwachukue hawa mafundi wa mtaani hata kwa siku moja moja, wenyeji na wakimbizi pamoja, wafundishane. Yule kijana wa Kakuma anaweza kuwa mwalimu kesho.

Na wewe abiria, ukikaa kando ya kioo kisichofunguka, angalia ukingo wake. Ukiona gundi nyeupe, au ukisikia mluzi wa upepo, mwambie dere asimamishe. Usione haya. Mimi niliusikia ule mluzi nikanyamaza, na hilo ndilo linaninyima usingizi.

Madere na mafundi, niambieni hapo chini: gari yako ililala siku ngapi mara ya mwisho ulipobadilisha kioo? Semeni ukweli.