AFYA YA NYUMBA: Kumwuguza Aliyepooza

Mwezi huu twapenda kuongea nanyi habari za mgonjwa aliyepatwa na kiharusi, maana katika jambo hili sisi wenyewe tulikosa, wala si vema kuficha kosa liwezalo kuwafaa wengine.

Tulikwenda kumtazama mama mmoja, mtu mzima, ambaye upande wake wa kuume ulikuwa umepooza. Binti zake walimlisha, wakamwosha, wakamvika, wala hawakumwacha anyanyue hata kikombe. Nasi tukawasifu mbele ya jirani, tukisema, "Huu ndio upendo." Baada ya miezi miwili tulirudi, tukakuta vidole vimekunjika, bega lamwuma, na mgongoni pametoka kidonda. Ndipo alipokuja bibi mmoja, mtaalamu wa tiba ya viungo, akatuambia kwa upole, "Huyu mmemlaza mno."

Maana ya neno lile ni hii. Kiharusi ni ugonjwa wa ubongo, si wa mkono wala wa mguu. Mshipa wa damu huziba au hupasuka, na sehemu ya ubongo iliyokosa damu hufa. Ubongo wa kushoto hutawala upande wa kuume wa mwili, na wa kuume hutawala wa kushoto. Basi mkono wenyewe haukuugua, ila haupati amri. Lakini sehemu za ubongo zilizosalia zaweza kufundishwa baadhi ya kazi za zile zilizokufa, kama mtoto ajifunzavyo kuandika, kwa kurudia jambo moja mara nyingi. Mkono usiopewa kazi haujifunzi.

Mwaka 2006 waganga wa Marekani walitangaza habari za wagonjwa 222, waliokuwa wamepatwa na kiharusi miezi mitatu hadi tisa kabla ya kujaribiwa. Baadhi yao walivikwa mfuko katika mkono ulio mzima, karibu mchana kutwa, kwa majuma mawili, ili mkono dhaifu ulazimike kufanya kazi. Tena wakafanyishwa mazoezi. Hao walipata nafuu kuliko wenzao waliotunzwa kwa desturi, na nafuu ile ilionekana hata baada ya mwaka. Njia hii si ya kila mgonjwa. Yawafaa wale wawezao bado kunyanyua kidogo kiganja na vidole, nao wasimamiwe na mtaalamu.

Lakini haya yawezekana katika kila nyumba. Mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile aonekanapo na dalili, asingojwe. Akirudi nyumbani, kama hawezi kujigeuza, ageuzwe kila baada ya muda wa saa mbili. Asivutwe kwa mkono uliopooza, maana bega lake huumia upesi. Mkono ule uegemezwe juu ya mto. Alapo aketishwe wima, asije akapaliwa. Afanyishwe mazoezi aliyoagizwa kila siku, wala si siku ya kwenda hospitali tu. Na kazi aiwezayo, hata ikiwa polepole, aachiwe mwenyewe: kuchana nywele, kuchambua mchele, kufunga kifungo.

Nanyi walimu, mkiwa na kijana mwenye subira apendaye kuwatumikia wagonjwa, mwambieni ya kuwa kazi hii hufundishwa hapa kwetu, kama huko Moshi katika hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971. Twawahitaji wengi.

Mama yule sasa hutembea kwa fimbo hadi mlangoni. Vidole havikunyoka vyote, maana miezi ya kwanza, ambayo ndiyo yenye faida kuu, tuliipoteza kwa wema wetu. Lakini kikombe hukishika mwenyewe. Siku ya kwanza alimwaga chai nusu, na binti yake akanyosha mkono apate kumsaidia. Mama akamwambia, "Niache, mwanangu." Naye akamwacha, akaketi karibu.