Blanketi za Ufipa: Fedha Itoke Wapi?

Mtu aliyepata kulala Kaengesa au Mpui katika miezi ya Juni na Julai hahitaji kuelezwa baridi ya Ufipa. Na kila mwaka baridi iingiapo, maneno yale yale huzuka barazani na maofisini: Kwa nini sisi, tulio na baridi na malisho mapana, tununue blanketi zitokazo mbali? Kwa nini kila mtu asitoe fungu katika mshahara wake tukaanzisha kiwanda cha sufu kilicho chetu wenyewe? Tumeona yafaa tuseme neno, maana fikira ni njema, lakini fedha inayotajwa ni akiba ya watu wenye watoto shuleni.

Kwanza, asidhani mtu kuwa kufuma ni elimu ngeni katika nchi hii. Wasafiri waliopita Ufipa katika karne ya 19 walikuta watu wakilima pamba na kufuma nguo nzito kwa mikono. Kazi hiyo haikufa kwa sababu wafumi walikuwa wavivu au wajinga. Ilishindwa kwa bei. Tangu mapatano ya Seyyid Said na Marekani ya mwaka 1833, nguo ya merikani iliteremshwa Unguja, ikapanda bara kwa vichwa vya wapagazi mpaka Tabora na Ujiji. Na vita vya Wamarekani wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipoipunguza, nguo za Bombay na Manchester zikashika nafasi yake. Mfumi alikaa siku nyingi juu ya nguo moja. Mashine haikumngoja.

Yafaa tujue pia mashine zile zilianzaje, kwa kuwa nazo zilianza kwa mchango. Mwaka 1813 Francis Cabot Lowell na wafanya biashara wenzake wa Boston walifanya kampuni ya kufuma nguo huko Waltham. Mtaji wa kwanza ulikuwa dola 100,000, katika hisa 100 za dola 1,000 kila moja. Waliotoa fedha hiyo hawakuwa makarani. Walikuwa watu waliotajirika kwa biashara ya meli, ambao kama hisa zingepotea wangekula chakula chao cha jioni kama kawaida. Hata hivyo walikwenda kwa hadhari. Lowell na fundi wake, Paul Moody, walitengeneza kwanza kitanda cha kufumia cha mashine, wakakitazama kikifanya kazi, ndipo nguo ikaanza kutoka. Na pamba walikuwa nayo tele. Ililimwa na watumwa wa kusini, jambo ambalo wasifiao viwanda vya Marekani hupenda kuliruka.

Sisi sufu yetu iko wapi? Hapa ndipo wenzetu wengi hunyamaza. Kondoo wa asili wa nchi zetu ana nywele fupi, hana sufu ya kusokota uzi. Kondoo wa Merino aliyetunzwa vema aweza kutoa kilo 4 au 5 za manyoya kwa mwaka, lakini manyoya hayo yana mafuta na taka, nayo yakioshwa karibu nusu hupotea. Blanketi nzuri ya sufu tupu ina uzito wa kilo 2 hivi. Basi hesabu ni nyepesi: kondoo mmoja, mwaka mmoja, blanketi moja. Kiwanda kitakachotoa blanketi 10,000 kwa mwaka chahitaji kondoo 10,000 wa sufu kabla gurudumu la kwanza halijazunguka, pamoja na maji mengi ya moto ya kuoshea.

Na kondoo hao si wa kununuliwa leo na kukatwa manyoya kesho. Lord Delamere, aliyekuwa na ardhi kubwa kuliko mtu yeyote wa Ufipa atakavyopata kuiota, alileta Merino huko Njoro, Kenya, mwanzoni mwa karne ya 20. Wengi wakafa, maana majani yalionekana mazuri lakini udongo ulipungukiwa na madini. Karibu zaidi nasi, juu ya uwanda wa Kitulo, serikali ilifuga kondoo wa sufu katika miaka ya 1960. Baadaye shamba lile likageuzwa la ng'ombe wa maziwa. Kama serikali yenye madaktari wa mifugo iliona vigumu, sisi tusijidai.

Twajua watakaojibu kuwa kilichotuzuia ni utawala wa kikoloni. Ni kweli kwa sehemu kubwa, nasi hatutaki kweli hiyo isahauliwe. Kwa sheria ya mwaka 1931 ya kuzuia Waafrika kukopeshwa, mfanya biashara asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika pasipo kibali hakuweza kumdai barazani. Basi nani angemkopesha? Mtumishi wa serikali naye alikatazwa na kanuni za kazi yake kufanya biashara. Hata Wazungu waliosokota kamba za katani hapa Tanganyika katika miaka ya 1930 walilalamikiwa na wenye viwanda vya kamba vya Uingereza. Lakini mambo hayo hayakumwotesha kondoo wetu sufu, wala kuondoka kwake hakukumwotesha.

Kiwanda cha nguo kilichosimama kweli wakati wa ukoloni ni kile cha Jinja, Uganda. Mtaji wake haukutoka kwa mchango wa mishahara. Serikali ilifungua Shirika la Maendeleo la Uganda mwaka 1952, bwawa la Owen Falls likaanza kutoa umeme mwaka 1954, na nguo zikaanza kutoka mwaka 1956. Akiba ya serikali ile ilitokana kwa sehemu kubwa na pamba na kahawa za wakulima, ambao hawakupewa hisa hata moja. Pamba ilikuwa mlangoni, umeme mlangoni. Waliokosekana ni wenye mali katika orodha ya wenye kiwanda. Kosa hilo la pili sisi twaweza kuliepuka bila ya kungoja mtu.

Kwa hiyo rai yetu ni kwamba daftari la kwanza liwe la kondoo. Wachache walio na malisho, Kaengesa na kwingineko, wajaribu kundi dogo la kondoo wa sufu baada ya udongo na majani kupimwa, na fedha ya wachangaji ikae katika ushirika ulioandikishwa, wenye hesabu zinazosomwa mbele ya wanachama, si katika kabati ya mtu mmoja hata akiwa mwaminifu. Mfugaji aandikwe mwenye hisa kwa kondoo wake, kama karani kwa shilingi zake. Misimu mitatu ya kukata manyoya ikipita, kondoo wakiwa hai na mzigo wa sufu umepata mnunuzi, hapo tutazungumza juu ya mashine, tena tutaanza na vitanda vichache vya mkono. Atakayekuja kabla ya hapo na daftari la hisa na picha ya kiwanda, aulizwe kondoo wake wanalisha wapi.