Karo ya mwanafunzi mwenye mshahara ilale wapi?

Ukifika steji ya Wang'uru Jumamosi alfajiri, kabla akina mama wauzao mchele wa pishori hawajapanga mifuko yao kando ya barabara ya Embu, utawaona abiria wa namna ya pekee. Si vijana. Ni watu wa miaka thelathini na arobaini, wengine na nywele zilizoanza kuingia mvi, kila mmoja amekumbatia mkoba wa vitabu. Hao ni walimu, wauguzi na makarani waliorudi shuleni kutafuta shahada ya uzamili. Jumatatu hadi Ijumaa ni wafanyakazi, Jumamosi na Jumapili ni wanafunzi.

Rafiki yangu mmoja, tuliyesoma naye sekondari, ni mmoja wao. Anafundisha katika shule ya kibinafsi hapa Mwea, na jioni hushughulikia shamba la mpunga la kukodi. Leo nataka kukusimulia yaliyompata kuhusu karo yake, kwani naamini wako wengi ambao wamo katika safari hiyo hiyo na hawajaona shimo lililo mbele.

Mwaka huo alikuwa amechukua mkopo wa benki ili alipie trekta na mbolea. Mkopo uliingia katika akaunti ile ile iliyopokea mshahara wake, na kila mwezi benki ilikata Sh13,000. Shule ikachelewesha mshahara wa miezi miwili. Yeye hakuhangaika sana, maadamu mpunga ulikuwa karibu kuvunwa. Desemba akauza magunia yake, akaweka Sh48,000 benki, akasema moyoni, "Hii ni karo ya Januari, haiguswi."

Januari akaenda kuitoa. Akakuta Sh20,000 na ushei. Benki ilikuwa imejilipa awamu mbili zilizochelewa, pamoja na faini yake.

Alinipigia simu akiwa amesimama nje ya mlango wa benki, sauti imemkauka. Chuo hakikumruhusu kujisajili bila karo, na siku za kujisajili zikapita. Kwa kuwa masomo ya muhula ule hutolewa mara moja kwa mwaka, hakupoteza muhula mmoja tu. Alipoteza mwaka mzima, na wenzake aliokuwa akisoma nao wakamtangulia.

Je, benki ilimwibia? La hasha. Alipoisoma tena karatasi aliyotia sahihi, akakuta maneno hayo yameandikwa: benki inaweza kukata deni lake kutoka kwa pesa zozote za mteja zilizomo humo. Haki hiyo benki nyingi huiweka katika mikataba yao, na yaweza kufika hata kwenye akaunti yako nyingine, almradi imo katika benki hiyo hiyo.

Hilo ndilo fundisho la kwanza na la maana kuliko yote, msomaji wangu: karo isilale nyumba moja na deni.

Alipotulia tulizunguka pamoja kutafuta akaunti itakayomfaa. Kama wengi, tulianza kwa kuuliza akaunti ya mwanafunzi. Karani aliyekuwa dirishani alikuwa binti mwenye adabu.

"Una miaka mingapi, dada?"

"Thelathini na minne."

"Unasoma kutwa?"

"Hapana. Wikendi tu. Mimi ni mwalimu."

"Basi, mwalimu, hii hutaiweza. Tumewawekea vijana wanaotoka kidato cha nne."

Ukweli ni kwamba akaunti nyingi za wanafunzi zimetengenezwa kwa kijana asiye na kipato, anayepokea pesa kidogo kutoka kwa mzazi. Huwa na kikomo cha umri, na benki huitisha barua ya chuo. Benki hutumaini kijana huyo akipata kazi atabaki nao. Wewe mwenye mshahara, watoto na shamba, tayari umeshapata kazi. Kwao wewe ni mteja wa kawaida. Usione haya wala usikasirike. Jina la akaunti si kitu. Kitu ni mwendo wa pesa zako: zaingia lini, zakaa kwa muda gani, na zatoka kwenda wapi.

Hebu tuutazame mwendo huo. Mshahara huingia kila mwezi, mpunga hulipa kwa msimu, ilhali chuo hudai kwa muhula. Pesa za matumizi hutoka kila siku kidogo kidogo. Za karo hukaa miezi mitatu au minne, kisha hutoka zote siku moja. Mambo mawili tofauti namna hiyo hayawezi kufaa katika akaunti moja.

Kwanza, akaunti ya matumizi. Hapa ndipo mshahara unapopitia, na mara nyingi mwajiri au mkopo ndio umekuchagulia benki. Usihangaike kuihama. Angalia tu ada zake. Watu wengi huuliza riba kwanza, na hilo ni kosa. Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme kila ukitoa pesa unakatwa Sh35, nawe hutoa mara mbili kwa wiki. Kwa mwaka ni Sh3,640. Sasa tuseme umeweka karo ya Sh60,000 kwa miezi mitatu, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Riba yako ni Sh1,200. Serikali hukata asilimia 15 ya riba hiyo, yaani Sh180, unabaki na Sh1,020. Umeona? Aliyepunguza safari za kwenda kutoa pesa amefaidi kuliko aliyekimbilia riba. Kwa mwenye pesa ndogo, ada ndiyo panya wa ghalani.

Kumbuka pia ada ya kuhamisha pesa kutoka benki hadi simu. Wakati wa korona, kuanzia Machi 2020, ada hiyo iliondolewa, na wengi tukazoea. Ilirudishwa Januari 2023, ingawa kwa viwango vilivyopunguzwa. Anayehamisha mia mbili mia mbili kila siku ajue analipa kila mara.

Pili, akaunti ya karo. Hii iwe katika benki au chama ambacho hukidai wala hakikudai. Hapa una njia tatu kubwa.

Njia ya kwanza ni akaunti ya akiba. Kifungu cha 16A cha Sheria ya Benki ya Kenya kinakataza benki kutoza ada ya aina yoyote akaunti ya akiba, ya notisi ya siku saba, au ya muda maalumu. Basi ukifika dirishani uliza wazi: "Akaunti hii ni ya akiba kwa mujibu wa sheria, au ni ya kawaida iliyopewa jina tamu?" Aidha uliza ni kiasi gani cha chini lazima kibaki ndipo riba ihesabiwe, na ni mara ngapi unaruhusiwa kutoa. Kwa mtu wa karo, akaunti isiyokuruhusu kutoa hovyo ni rafiki.

Njia ya pili ni akaunti ya muda maalumu. Unafunga pesa kwa miezi mitatu au sita. Yafaa sana kwa pesa za mpunga za Desemba zinazongojea muhula wa Mei. Lakini hesabu tarehe kwa makini. Ukizivunja kabla ya wakati, sheria hairuhusu benki kukutoza ada, ila unaweza kupoteza riba yote. Panga zifunguke wiki mbili kabla ya siku ya kulipa, si siku yenyewe.

Njia ya tatu ni sacco. Eneo hili la Mlima Kenya limejengwa na vyama vya ushirika, vya chai, kahawa, mpunga na walimu, na riba zao za mikopo mara nyingi ni nafuu. Lakini tofautisha mambo mawili. Ile akiba ya uanachama unayowekeza kila mwezi huwezi kuitoa mpaka ujiondoe chamani. Ni dhamana ya mikopo yako na ya wale uliowadhamini. Karo usiiweke humo. Iweke katika akaunti ya kawaida ya kuweka na kutoa, ile ambayo sacco nyingi huiita FOSA. Na kabla hujaweka hata shilingi moja, hakikisha sacco hiyo ina leseni ya SASRA, mamlaka iliyoundwa kwa Sheria ya Vyama vya Sacco ya mwaka 2008.

Je, simu? Mtu ataniambia, "Mimi karo naiweka kwenye simu, iko karibu." Ndiyo, na huo ukaribu ndio ubaya wake. Tena ukiwa na deni la Fuliza, ile huduma iliyoanza Januari 2019, pesa yoyote ikiingia M-Pesa deni hujilipa lenyewe kwanza. Ni shimo lile lile la rafiki yangu, ila dogo zaidi na lenye giza zaidi. Ukitaka kutumia simu, tumia zile huduma zinazokuwezesha kufunga akiba kwa muda, kama ile iliyomo katika M-Shwari, na uwe huna deni nazo.

Sasa tuzungumze usalama. Wazazi wetu walikuwa wakificha pesa chini ya godoro kwa sababu, na sababu hiyo haijafa. Oktoba 2015 benki ya Imperial iliwekwa chini ya mrasimu, na Aprili 2016 ikafuata Chase. Wateja wakalala na pesa wakaamka milango imefungwa. Lipo shirika la kukinga amana, KDIC, ambalo tangu Julai 2020 humfidia mwekaji hadi Sh500,000 benki inapofilisika. Awali ilikuwa Sh100,000. Kiasi hicho huhesabiwa kwa jumla ya akaunti zako zote katika benki moja. Karo yako imo ndani ya kinga hiyo. Lakini fidia huchukua muda, na chuo hakingoji. Hali kadhalika, kinga ya KDIC haihusu sacco. Kwa hiyo usiweke karo ya miaka miwili yote mahali pamoja.

Na usisahau namna ya kulipa. Lipa moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, kwa nambari yako ya usajili, si kupitia kwa mtu. Huduma ya PesaLink, iliyoanza mwaka 2017, huhamisha pesa kutoka benki moja hadi nyingine papo hapo, lakini uliza kwanza kama chuo chako huipokea. Lipa katikati ya wiki, ili likitokea kosa umpate mtu ofisini. Na stakabadhi uihifadhi mpaka siku ya kuvaa joho.

Ukienda kufungua akaunti beba kitambulisho, nambari ya PIN ya KRA na picha ndogo, na uwe na maswali haya umeyaandika kwenye karatasi: Ada ya kila mwezi ni ngapi? Kutoa dirishani, kwenye mtambo na kwa wakala ni ngapi? Nikikaa miezi sita bila kuigusa, mtaifunga? Nikija kukopa kwenu, mtaweza kukata pesa hizi? Karani akisita kwenye swali la mwisho, omba karatasi ya masharti uende ukaisome nyumbani. Hakuna anayekufukuza.

Yapo mambo ambayo wazee wetu hawakuwa na nafasi ya kuyachagua. Miaka ya tisini, benki kubwa kadhaa zilifunga matawi ya mashambani, na zilizobaki zilidai kiasi kikubwa ndipo ufunguliwe akaunti. Ndipo vyama vidogo vikapata nafasi. Equity, ambayo leo kila mtu anaijua, ilianza mwaka 1984 kama chama cha kukopesha nyumba huko Kangema, Murang'a, nayo ikawa benki kamili mwaka 2004. Leo hapa Wang'uru mtu ana benki, sacco, mawakala na simu mkononi. Kazi iliyobaki ni kuchagua, na anayechagua bila kuuliza huchaguliwa.

Rafiki yangu sasa ana vitabu viwili. Cha kwanza ni cha benki ile ile ya mshahara na mkopo, kwani deni bado analilipa. Cha pili ni cha sacco isiyomdai hata senti, na kadi yake amempa mama yake amtunzie. Muhula huu alilipa karo Jumanne, wiki mbili kabla ya siku ya mwisho, akanitumia picha ya stakabadhi bila neno lolote. Halikuhitajika.

Jumamosi iliyopita nilimwona stejini, mkoba wa vitabu kifuani, akipanda matatu pamoja na wanafunzi waliokuwa nyuma yake mwaka mmoja. Sasa ndio wenzake wa darasa.