UMEMBOMOLEA NYUMBA, SASA WAMNYIMA BARAZA

Ndugu Wanachama,

Maneno mengi yasemwa siku hizi katika karakana na stesheni juu ya wageni wanaofukuzwa Marekani. Wengine wetu wasema, "Marekani ni nchi tajiri, na hata wao wamechoka na wageni. Sisi maskini twangoja nini kuwafukuza wetu?" Maneno haya ni mepesi kusema, na kwa kuwa ni mepesi yapita upesi kutoka mdomo mmoja hata mwingine. Sisi twaona yafaa yajibiwe kabla hayajawa desturi.

Neno letu ni hili. Kabla ya kumwuliza mgeni, "Umefuata nini huku?" ni haki kuuliza kwanza, "Nani aliyeharibu kwenu?" Maana mara nyingine jibu lamwelekea yule yule anayefunga mlango. Tutatoa mfano wa nchi moja ya mbali, Guatemala, nao tumeuchagua kwa sababu ndani yake mna reli, shamba na chama cha wafanya kazi, mambo tuyajuayo.

Reli ya Guatemala, kutoka mji mkuu hata bandari ya Puerto Barrios, ilimalizika mwaka 1908. Mkataba wake ulitolewa mwaka 1904 kwa Minor Keith, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya ndizi ya Kimarekani iitwayo United Fruit. Kampuni ikawa na shamba, ikawa na sehemu kubwa ya hisa za reli, ikatawala na gati la bandari. Mkulima mwingine akitaka kupeleka mzigo wake pwani, hana njia nyingine. Nauli ya ndizi za kampuni ilikuwa ndogo, nauli ya mzigo wa wengine ilikuwa kubwa. Sisi watu wa reli hatuhitaji kufundishwa maana yake. Mwenye kushika reli, gati na shamba, huyo ameshika nchi, hata kama bendera ni ya mtu mwingine.

Mtawala wa wakati ule, Jenerali Jorge Ubico, aliweka sheria mwaka 1934 kwamba mtu asiye na shamba la kutosha sharti afanye kazi katika mashamba ya matajiri siku 100 au 150 kila mwaka. Siku zake ziliandikwa katika kijitabu, na asiyekuwa na kijitabu alikamatwa. Wazee wetu waliovaa kipande shingoni wangelijua jambo hilo mara moja, bila mkalimani.

Mwaka 1944 watu wa Guatemala walimwondoa Ubico. Wakachagua Rais, mwalimu Juan José Arévalo. Sheria ile mbaya ikafutwa, na mwaka 1947 ikatoka sheria ya kazi. Wafanya kazi wakapata ruhusa ya kuunda vyama na kugoma. Watu wa reli walikuwa mbele katika vyama hivyo. Kisha akachaguliwa Rais wa pili, Jacobo Árbenz, aliyeshika kazi mwaka 1951. Yeye alianza kazi ya barabara mpya mpaka pwani, ili nchi isitegemee reli ya kampuni peke yake. Na mwezi wa Juni 1952 ikatoka sheria ya ardhi. Sheria haikugusa shamba la mtu mdogo. Iligusa mashamba makubwa yaliyolala bila kulimwa, na hata ardhi ya Rais mwenyewe iligawiwa. Kama jamaa 100,000 walipata mahali pa kulima.

Kampuni ya ndizi ilikuwa na ardhi kubwa kupita wote, na zaidi ya eka 80 katika kila 100 zilikuwa pori tu. Serikali ikasema itaikomboa kwa bei ile ile ambayo kampuni yenyewe iliiandika ilipolipa kodi. Hesabu ya kwanza ilikuwa kama dola 627,000. Kampuni ikapiga kelele, na Serikali ya Marekani ikadai kwa niaba yake zaidi ya dola 15,000,000. Basi ama kampuni ilisema uwongo wakati wa kodi, ama ilisema uwongo wakati wa fidia. Wachague wenyewe.

Waziri wa mambo ya nje wa Marekani alikuwa John Foster Dulles. Ndugu yake, Allen Dulles, alikuwa mkuu wa idara ya ujasusi, CIA. Wote wawili walikuwa wamefanya kazi katika ofisi ya mawakili iliyoitumikia kampuni ile. Tarehe 18 Juni 1954 jeshi dogo lililolipwa na kufundishwa na CIA liliingia kutoka Honduras, likiongozwa na Kanali Carlos Castillo Armas. Ndege zikatupa mabomu. Tarehe 27 Árbenz akajiuzulu. Waliosoma shule za misheni watakumbuka shamba la mizabibu la Nabothi. Mfalme alilitamani, mwenyewe akakataa kuliuza, zikatafutwa hila, na Nabothi akafa. Jina lililotafutwa mara hii lilikuwa "ukomunisti."

Na baada ya hapo? Ardhi ilirudishwa kwa wakubwa. Wasiojua kusoma, nao walikuwa wengi wa wananchi, walinyang'anywa kura. Mamia ya vyama vya wafanya kazi yalifutwa katika daftari. Mtu akizibiwa njia ya kura, na ya chama, na ya shamba, imebaki njia gani? Vita vilianza mwaka 1960, vikaisha mwaka 1996. Tume iliyochunguza vita hivyo ilitoa taarifa mwaka 1999, ikahesabu watu zaidi ya 200,000 waliouawa au kupotezwa. Katika makosa iliyoyaandika, 93 katika kila 100 yalifanywa na jeshi la Serikali na wasaidizi wake. Wengi wa waliokufa walikuwa Wamaya, wenyeji wa asili wa nchi. Jeshi hilo lilikuwa rafiki wa Marekani. Mwaka huo huo Rais Clinton alikwenda Guatemala akakiri kwamba kuyasaidia majeshi yale lilikuwa kosa.

Jirani yao, El Salvador, nako vita vilidumu toka 1980 hata 1992, vikaua kama watu 75,000, na Marekani ilimwaga huko mabilioni ya dola za silaha na misaada kwa Serikali. Mwezi wa Desemba 1981, katika kijiji cha El Mozote, kikosi cha askari waliofundishwa na Wamarekani kiliua mamia ya raia, na wengi wao walikuwa watoto.

Watu wakakimbia. Wengine Mexico, wengine wakaendelea mpaka Marekani. Huko waliomba hifadhi, na Marekani ilikuwa imekwisha kutia sahihi tangu 1968 mapatano ya mataifa ya kuwalinda wakimbizi. Mwaka 1984 maombi ya watu wa Guatemala na El Salvador yaliyokubaliwa hayakufika 3 katika kila 100. Sababu ni rahisi. Kumkubali mkimbizi ni kukiri kwamba rafiki yako anaua. Basi ikawa heri kumwita mkimbizi mwongo, aliyefuata mshahara tu. Haki yasema pia kwamba si Wamarekani wote waliokuwa hivyo. Toka mwaka 1982 makanisa mengi, la kwanza likiwa katika mji wa Tucson, yaliwaficha watu hawa hadharani. Mwaka 1991, baada ya kesi iliyofunguliwa na makanisa, Serikali ilikubali kuyasikiliza upya maombi yale.

Lakini ubaya una ukoo. Vijana wa wakimbizi waliokulia katika mitaa maskini ya Los Angeles walijifunza magenge huko huko. Sheria ya mwaka 1996 ikakaza kuwarudisha waliotiwa hatiani, wakapelekwa kwa maelfu katika nchi zilizotoka vitani juzi, zisizo na kazi wala polisi wa kuaminika. Magenge yakaota mizizi, na watoto wa watu wengine wakaanza kukimbia. Leo wakifika mpakani huitwa balaa kutoka nje. Kumbe balaa lenyewe lilipata malezi Los Angeles.

Sasa tujibu waulizao. Je, makosa yote ni ya Marekani? La. Guatemala ilikuwa na makabaila wake, na makanali wake waliopenda damu, na wezi wake wa hazina. Nchi nyingine maskini ziliharibiwa na wakubwa wao wenyewe bila msaada wa mtu. Wala hatusemi nchi haina haki ya kuwa na mlango na bawabu. Twasema tu kwamba aliyekopa hawezi kumkemea mdai kwa kuja mlangoni.

Swali la pili ni gumu zaidi, nalo latuhusu sisi wa vyama. Mfanya kazi wa kiwanda cha nyama kule Marekani hakumpindua mtu. Kwa nini alipe yeye deni la kampuni ya ndizi, kwa kushushiwa mshahara na wageni? Twamhurumia kweli. Lakini na atazame vizuri ni nani anayeshusha mshahara. Mgeni hana ofisi ya mishahara. Mshahara hushushwa na tajiri, na kamba anayoishika tajiri ni ile hofu ya mgeni asiye na karatasi. Mgeni huyo akiumizwa na mashine, hanung'uniki. Akipunjwa saa zake, hashitaki. Akitaka kuingia chama, tajiri anataja polisi wa uhamiaji. Mpe karatasi, na kamba imekatika. Atadai kama wenzake wanavyodai, na bei ya kazi ya wote itapanda.

Vyama vya Marekani vilichelewa kuliona hili. Mwaka 1954 viongozi wa AFL waliifurahia hadharani anguko la Árbenz, na hali waliofungiwa vyama ni wafanya kazi wenzao. Mwaka 1986 AFL-CIO iliunga mkono sheria ya kuwaadhibu matajiri wanaoajiri wasio na karatasi. Sheria ilionekana nzuri, lakini matajiri waliigeuza ikawa fimbo ya kuwapigia wageni waliotaka chama. Mwezi wa Februari 2000 AFL-CIO iligeuka, ikadai ile sehemu ya sheria ifutwe na wasio na karatasi wapewe. Sisi wa Kenya twaweza kuyasema haya bila chuki. Nyumba ya Solidarity House, Nairobi, ilijengwa kwa msaada wa dola 35,000 ambazo Tom Mboya alipewa na AFL-CIO. Tumekula chumvi yao, na mtu aliyekula chumvi ya rafiki haimpasi kumficha ukweli.

Turudi nyumbani. Kambi za Dadaab zilifunguliwa mwaka 1991, na Kakuma mwaka 1992. Siad Barre wa Somalia, aliyeanguka Januari 1991, alipewa silaha na Warusi mpaka mwaka 1977, na baada yake Wamarekani nao wakamsaidia, wakapata ruhusa ya kutumia bandari ya Berbera. Alipoanguka, bunduki zilibaki mikononi mwa watu, na wenye viwanda vya bunduki walibaki kwao. Waliofika kwetu ni akina mama na watoto. Mwaka 2025 fedha za mataifa makubwa zilipungua, na posho ya chakula katika kambi hizo ikakatwa vibaya. Januari ya mwaka ule ule Serikali ya Marekani ilisimamisha kuwapokea wakimbizi. Mlango umefungwa na sahani imeondolewa, kisha tunaambiwa tuwaige!

Hatutaki kuwaiga. Wenzetu wanaosema kazi ni chache wasema kweli. Lakini kazi katika nchi yetu haikuchukuliwa na Mkongo anayeuza vitenge wala Msomali anayeuza maziwa. Tukitumia hasira yetu yote juu yao, tajiri atakaa kivulini akicheka, na mishahara yetu itakuwa pale pale.

Kwa hiyo twaleta mashauri matatu, nayo twaomba yazungumzwe katika mikutano ya matawi.

Kwanza, kila mtu afanyaye kazi pamoja nasi, awe mzaliwa au mgeni, aombwe kuingia chama na alipe kiingilio kile kile. Asiyekuwa mwanachama ndiye atakayetumiwa kuvunja mgomo.

Pili, tajiri akimtisha mgeni kwa polisi ili asidai haki yake, tawi lilichukue shauri hilo kama la mwanachama yeyote. Leo ni mgeni, kesho ni kibarua, kesho kutwa ni wewe mwenye kazi ya kudumu.

Tatu, chama chetu kipeleke neno COTU, ili nayo iwaambie wenzetu wa vyama vya nchi tajiri waziambie Serikali zao: chakula cha Dadaab na Kakuma si sadaka. Ni malipo ya deni, na deni halikatwi nusu kwa sababu mdeni amechoka kulipa.

Twajua kuna watakaosema haya ni mambo ya siasa, si ya mishahara. Watu wa reli wa Guatemala waliambiwa hayo hayo. Siasa iliwafuata mpaka karakana, ikachukua chama chao, kisha ikachukua na mishahara yao.

Wenu katika kazi,
Wenzenu wa reli