Mavazi ya Jikoni na Daraja la Kiingereza: Maoni Kuhusu Ufundishaji wa Msamiati wa Kihispania

Itifaki ya mwaka 2003 ya kurekebisha Mkataba wa Kuanzisha Umoja wa Afrika inataja Kihispania na Kiswahili miongoni mwa lugha rasmi za Umoja huo. Hata hivyo, msemaji wa Kiswahili anayejifunza Kihispania mara nyingi hulazimika kupitia Kiingereza. Makala haya yanadai kwamba njia hiyo ni ndefu bila sababu, na kwamba msamiati wa mavazi ya kazi na ya jikoni unalidhihirisha jambo hilo.

Uchukuliwe mfano wa mwanafunzi wa Ngulyati, wilayani Bariadi, katika Mkoa wa Simiyu. Nyumbani husema Kisukuma; shule ya msingi amesoma kwa Kiswahili; Kiingereza kimekuwa lugha ya kufundishia alipofika sekondari. Akipewa neno delantal kwa tafsiri ya Kiingereza, ataishia kwenye aproni, vazi la hotelini zaidi kuliko la mekoni kwa mama yake. Akielezwa kwa Kiswahili kwamba delante ni mbele, na delantal ni nguo ya kukinga upande wa mbele, mara moja ataikumbuka kanga inayofungwa kiunoni juu ya gauni wakati wa kupika.

Isitoshe, Kiswahili kina ujamaa wake na Kihispania. Meza, iliyotokana na Kireno, ni mesa kwa Kihispania pia. Leso, kutoka lenço ya Kireno, ina nduguye lienzo. Pamba, zao kuu la Simiyu, huitwa algodón, neno lenye asili ya Kiarabu, lugha iliyokikopesha Kiswahili maneno mengi. Kofia nayo inafanana na cofia.

Ni kweli kwamba ujamaa huo una mitego. Lienzo ni kitambaa, hasa cha kuchorea picha, wala si leso. Cofia ni kofia nyepesi ya kuzuia nywele, kama ya wauguzi wa zamani, wala si kila kofia. Lakini mitego hiyo haiteguliwi na Kiingereza. Huteguliwa na maelezo, na maelezo hueleweka katika lugha anayoimudu mwanafunzi.

Yafaa, basi, idara za Kiswahili ziandae faharasa za Kihispania na Kiswahili zinazoanzia kwenye matumizi: nani huvaa nini, wapi, kwa kazi gani. Pasipo faharasa hizo, Mtanzania na mwenyeji wa Guinea ya Ikweta, Waafrika wote wawili, wataendelea kuhitaji lugha ya tatu ili waulizane jina la nguo ya kupikia.