Simba mzee anasingiziwa, mwenye kesi ni nguruwe

MSIMU wa mavuno ukikaribia na habari za simba kuonekana Njinjo au Nanjirinji zikafika Kilwa Kivinje, maelezo huwa yale yale: ni dume mzee, kafukuzwa na wenzake, hawezi tena kukimbiza nyati, sasa anawinda watu.

Nusu ya maelezo hayo ni kweli. Madume ya simba hushika eneo kwa ushirika, mara nyingi ndugu wawili au watatu, na utawala wao kwa kawaida ni wa miaka michache tu. Wakizeeka huja vijana, wakawaua au kuwafukuza, kisha wakamaliza na watoto waliowakuta. Kule Serengeti, dume maarufu aliyeitwa Bob Junior alilinda eneo lake kwa miaka akiwa na ndugu yake, hadi Machi 2023 alipouawa na madume vijana.

Nusu ya pili ndiyo inayotupoteza. Dume aliyeuawa Rufiji Aprili 2004, ambaye wananchi walimwita Osama kwa kuhusishwa na vifo vya watu zaidi ya 30, hakuwa mzee. Alikadiriwa kuwa na miaka mitatu na nusu. Alikuwa na jipu kwenye jino, sawa, lakini jino la simba mmoja halielezi vifo vya kusini nzima. Utafiti wa Craig Packer na wenzake, wakiwamo Watanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui, uliotolewa mwaka 2005, ulihesabu watu wasiopungua 563 waliouawa na simba nchini tangu 1990. Mkoa wa Lindi ulikuwa miongoni mwa iliyoumia zaidi, na mashambulizi yalizidi wakati wa mavuno, Machi hadi Mei.

Kwa nini mavuno? Nguruwe pori. Swala na pundamilia wakiadimika, simba humfuata nguruwe, nguruwe hufuata mahindi na mhogo, na mkulima analala dunguni kulinda hivyo hivyo. Wote watatu wanakutana usiku kwenye shamba moja. Na huku pwani nguruwe haliwi, kwa hiyo hakuna hata mwindaji wa kitoweo wa kumpunguza.

Wafanyabiashara wa Kivinje wasidhani hili haliwahusu. Mkulima aliyeliwa mahindi yake ndiye anayeuza korosho kwa kangomba kabla ya msimu, ili watoto wale.

Kanuni za mwaka 2011 zinatoa kifuta machozi kwa waliofiwa, na ziliangalia sana zisiite fidia. Mimi ningependa halmashauri itenge kwanza fedha za risasi na askari wa wanyamapori, wasake nguruwe pamoja na wanakijiji kabla mahindi hayajakomaa. Mashamba yakilimwa kwa kupakana, mtaro mmoja unaweza kuzunguka kaya kadhaa na ulinzi ukawa wa zamu. Dungu nalo lisiwe kichanja cha wazi. Liinuliwe, lizibwe kwa miti, ngazi ivutwe juu.

Jingine ni mwezi. Utafiti uliofuata, wa mwaka 2011, ulionyesha kuwa mashambulizi mengi hutokea katika siku kumi baada ya mwezi mpevu, saa za mwanzo za usiku, giza likiwa limeingia na mwezi bado haujachomoza. Siku hizo mtu awe juu ya dungu kabla ya magharibi, na asishuke peke yake kufukuza nguruwe.