Msamaha Unaomruka Bibi wa Upareni

Kila zinapokaribia tarehe 26 Aprili na 9 Desemba, familia zenye ndugu gerezani husubiri tangazo la msamaha wa Rais wa Tanzania. Husomwa makundi: wagonjwa mahututi, walioingia wakiwa wajawazito au na watoto wa kunyonya, wazee wa miaka 70 na kuendelea. Kisha hufuata orodha ya wasiohusika, na humo, tangazo baada ya tangazo, wamo wafungwa wa dawa za kulevya. Sentensi hiyo moja humfutia ajuza umri wake wote.

Wanaoandika orodha hizo wapande Upareni waone inamnasa nani. Katika vijiji kama Tae na Heikondi, wilayani Same, mirungi imelimwa miaka na miaka kwenye miteremko ileile ya migomba na maharage. Operesheni ya kuisaka inapopanda mlimani, mwenye gari na fedha ana pa kukimbilia. Shamba halikimbii, na bibi mwenye shamba magoti hayamruhusu. Chini ya sheria ya mwaka 2015 ya kupambana na dawa za kulevya, kulima mmea uliopigwa marufuku kunaweza kumpeleka mtu jela miaka 30. Mpe miaka 30 mama wa miaka 72, umemhukumu kufia gerezani. Ng'ambo ya mpaka, Kenya, jani hilohilo ni zao linalotambuliwa na sheria.

Sitetei mirungi. Sheria ni sheria, na Bunge ndilo lililoitunga. Ninachokataa ni huruma inayouliza jina la kosa kabla ya kumtazama mtu.

Ibara ya 45 ya Katiba inampa Rais mamlaka ya kumsamehe mtu yeyote aliyetiwa hatiani kwa kosa lolote. Orodha ya wasiohusika haimo katika Katiba. Imewekwa na watu, na watu wanaweza kuiondoa. Wameshaivuka. Tarehe 9 Desemba 2017, mjini Dodoma, Rais Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 8,157, pamoja na 61 waliokuwa wamehukumiwa kunyongwa. Kama mlango ulifunguka kwa aliyekuwa akisubiri kitanzi, unafungwaje kwa kikongwe aliyelima majani?

Hata Uingereza ya mwanzoni mwa karne ya 19, iliyokuwa na makosa zaidi ya 200 ya kunyongewa, wizi ukiwemo, ilikuwa na mlango huo. Elizabeth Fry, mtetezi wa wafungwa, alipoingia gereza la Newgate mwaka 1813 alikuta wanawake wamerundikwa na watoto wao katika uchafu wa kutisha. Ukatili ule ulikuwa mkubwa, lakini majirani waliweza kumwandikia mfalme ombi kwa ajili ya mfungwa mmoja, wakaeleza umri wake na mwenendo wake, na wengi waliohukumiwa kifo waliponea hapo. Sisi tunasamehe kwa mafungu.

Tena bibi akiponea kosa, atakwama kwenye umri. Miaka 70 inatakiwa ithibitishwe na jopo la waganga. Huku milimani wapo waliozaliwa bila karatasi yoyote, wanaohesabiwa kwa matukio: huyu alizaliwa mwaka wa mbiru. Mbiru ni ile kodi ya mkoloni ambayo mwaka 1945 iliwashusha wanaume wa Upare kwa maelfu hadi Same kuipinga. Mgomo uliporefuka, wanawake nao wakashuka kumkabili mkuu wa wilaya wakidai waume zao, na kodi ile ikafutwa. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria, ameiandika habari hiyo. Aliyezaliwa mwaka huo amekwisha kuivuka miaka 70. Mzee wa kijiji anayemjua tangu utoto ni shahidi tosha, jopo limsikilize.

Mahakimu nao wana deni. Tangu mwaka 2002 tuna Sheria ya Huduma kwa Jamii, inayoruhusu vifungo visivyozidi miaka mitatu vitumikiwe nje ya gereza. Kikongwe aliyekutwa na gongo akashindwa faini anapelekwa gerezani kufanya nini?

Umri wa miaka 70 uwe sababu inayojitosheleza. Aliyeua, aliyemharibu mtoto, faili lake lisomwe peke yake. Waliobaki warudishwe kwa wajukuu wao.

Wabunge wa Same Mashariki na Same Magharibi, madiwani, wachungaji na masheikh: ulizeni magerezani ni bibi zetu wangapi wamo, andikeni majina yao, yafikisheni kwa Waziri wa Mambo ya Ndani kabla ya tarehe 9 Desemba.